Kazi ya Mdogo Wangu

Siku moja, baada ya kipindi cha insha, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinifuata mpaka mlangoni pa chumba cha walimu akaniuliza, "Mwalimu, je, kuchora katuni ni kazi?" Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza jambo la aibu. Nalikuwa na madaftari 43 mikononi, na kengele ilikuwa imekwisha kulia. Nikamjibu kwa haraka kwamba kazi ni kazi mradi iwe halali, nikaingia ndani. Jibu lile halikuwa na kosa, walakini halikuwa na faida. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka kwenda zake. Tangu siku hiyo nimejiona nina deni, na kwa kuwa yamkini wewe pia, msomaji, una swali hilo hilo moyoni, nataka kulilipa deni hili mbele yako. Nitakueleza habari za mdogo wangu, ambaye alisomea kazi hiyo mjini Nairobi, na ambaye nalimwona kwa macho yangu akijitayarisha kutoka chuoni kwenda kutafuta riziki.

Sisi tu watu wa Taita. Nyumbani kwetu ni milimani, juu ya Wundanyi, ambako mashamba yameegemea miteremko na ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka. Mimi ni kifungua mimba, yeye ni kitinda mimba, na kati yetu ipo miaka 13. Nalipokuwa katika chuo cha ualimu, yeye alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Likizo moja nalirudi nyumbani na daftari nene nililoandikia masomo ya saikolojia ya mtoto. Nalilitunza daftari lile kuliko nguo zangu, maana mtihani ulikuwa karibu. Hata jioni moja nikalifungua, nikakuta kila ukurasa, katika pembe ya chini, umechorwa mtu mdogo kwa penseli. Kurasa zaidi ya 60, na mtu huyo yumo katika zote.

Nalimwita, nikampa kifutio, nikamwamuru afute mbele yangu, ukurasa baada ya ukurasa. Hakubisha. Lakini kabla ya kuanza alilishika daftari kwa mkono mmoja, akaziachia kurasa kwa kidole gumba zikaanguka upesi upesi, na kwa muda wa kupepesa macho mara tatu au nne nikamwona yule mtu akikimbia, akaruka kijito, akatua ng'ambo. Kisha mdogo wangu akainamisha kichwa akaanza kufuta. Alimaliza taa ikiwa imekwisha kuwashwa.

Somo lililoandikwa katika kurasa zile lilieleza namna mtoto anavyojifunza kwa kucheza. Naliufaulu mtihani wake vizuri.

Basi, msomaji, yale aliyoyafanya mtoto yule ndiyo msingi wa kazi nzima. Picha moja haitembei. Lakini picha nyingi zinazotofautiana kidogo kidogo, zikipita mbele ya jicho kwa haraka, ubongo wetu huziunga zikawa mwendo mmoja. Katika sinema, desturi ni picha 24 kwa kila sekunde. Chukua kalamu upige hesabu: dakika moja ni picha 1,440. Wachoraji wa mkono aghalabu hujipunguzia taabu kwa kuchora 12 tu na kuipiga kila moja mara mbili. Hata hivyo dakika moja inadai michoro 720. Mfaransa mmoja, Émile Cohl, alitoa mwaka 1908 filamu iitwayo Fantasmagorie, yenye michoro kama 700, na ukiitazama haifiki dakika mbili. Mwaka 1926 mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger, alitoa filamu ndefu aliyoitengeneza kwa watu na wanyama waliokatwa kwa mkasi, akiwasogeza kidogo kidogo mbele ya mwanga na kuwapiga picha moja moja. Na hadithi zake alizichota katika Alfu Lela Ulela, zile zile ambazo wazee wa pwani yetu wamezisimulia tangu zamani. Miaka 11 baadaye Walt Disney wa Marekani akatoa hadithi ya Snow White, filamu ya zaidi ya dakika 80, na tangu hapo hapana aliyeweza kusema kwamba katuni ni mchezo wa dakika tano wa kuchekesha watu kabla ya sinema yenyewe kuanza.

Wenye kuandika vitabu huiita kazi hii uhuishaji, yaani kukipa uhai kitu kisichokuwa nao. Nalipenda neno hilo. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa kompyuta, na watu wengi hudhani kwamba kompyuta ndiyo ichorayo. Sivyo. Mdogo wangu alinieleza kwamba mhusika wa katuni hufinyangwa kwanza kama mtungi, isipokuwa udongo wake ni wa hesabu. Kisha hutiwa mifupa ndani ili aweze kukunja mkono na goti. Kisha hupakwa rangi, huwekewa taa, huwekewa kamera. Akisha kupata hayo yote bado ni maiti. Mtu ndiye anayeamua mguu uinuke saa ngapi, bega lishuke kiasi gani, na jicho lipepese kabla ya kichwa kugeuka au baada yake. Kompyuta haijui uzito. Mtungi uliojaa maji na mtungi mtupu kwake ni sawa.

Ukitaka kujua ugumu wa jambo hili, fanya zoezi ambalo wanafunzi wa kazi hii hupewa mwanzo kabisa. Chora katika pembe za daftari kuukuu, la kwako mwenyewe, mpira unaoanguka na kudunda. Utaona kwamba michoro yako ikiwa na nafasi sawa baina yake, mpira hautaanguka. Utashuka kama kitu kinachoteremshwa kwa kamba. Ni lazima nafasi zipanuke kadiri unavyokaribia ardhi, na zibanane kule juu unakokawia kabla ya kurudi chini. Mdogo wangu alinichorea mpira wa tenisi na mpira wa chuma, umbo moja na rangi moja, nami nikautambua kila mmoja kwa mwendo wake tu.

Baba hakuipokea habari ya masomo hayo kwa furaha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mtu mzima ataishi kwa kuchora paka na panya?" Hakuwa akidhihaki. Alikuwa amemwona mtoto mmoja akipata cheti cha ualimu na mshahara wa kila mwezi, naye alitaka wa pili apate njia iliyokwisha kukanyagwa na watu. Mama ndiye aliyesema kwamba njia zote zilikuwa pori siku moja. Mwishowe baba aliuza ng'ombe wawili, nami nikachukua mkopo katika chama chetu cha ushirika cha akiba na mikopo, wa kulipwa kwa miezi 36. Nakueleza mambo ya fedha kwa sababu bila hayo hutaielewa sehemu ya hadithi hii ambayo hainipambi.

Masomo yalikuwa ya miaka miwili. Katika likizo ya Agosti ya mwaka wa pili nalipanda gari moshi Voi nikaenda kumtazama. Nalimkuta katika chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Umoja: kitanda, jiko la gesi, na meza iliyobeba kompyuta aliyoinunua kwa mtu na kuibadilisha viungo kidogo kidogo. Kompyuta ilikuwa ikivuma, na dirisha lilikuwa wazi ili ipate hewa. Akaniambia nisiiguse, na nisichomeke simu yangu ukutani, kwa sababu ilikuwa katika kazi ya mwisho, ile ya kuzipiga picha moja moja na kuhesabu mwanga na kivuli cha kila mahali. Picha moja ilikuwa ikichukua dakika tano. Kwa hesabu ile ya picha 24, sekunde moja ya filamu ni saa mbili za kazi. Sekunde 10 ni saa 20. Usiku huo umeme ulikatika saa nane. Nalimsikia akikaa kitandani gizani bila kusema neno, kisha akajilaza tena. Kazi iliyokwisha pigwa haikupotea, ila ratiba yake yote ilisogea kwa siku moja, na siku alizobakiwa nazo zilikuwa chache.

Siku hizo zilihesabiwa kwa ajili ya kitu kimoja. Mtu anayemaliza masomo haya hana budi kutengeneza filamu fupi, ya dakika moja au moja na nusu, iliyokusanya vipande vya kazi zake bora. Mimi nitaiita filamu ya vielelezo. Atafutaye kazi huipeleka hiyo mbele, na cheti hufuata nyuma, ikiwa kitaulizwa. Jambo hili lilinishangaza. Katika ualimu cheti ndicho kitangulizi: bila cheti na nambari ya tume huwezi kusimama darasani, hata ukiwa na ulimi wa asali. Lakini mwenye kampuni ya katuni hukaa mbele ya kioo, akatazama nusu dakika ya kwanza, na kama mtu wa kwanza aliyemwona anatembea kana kwamba anaelea majini, huenda asitazame nusu ya pili.

Mdogo wangu alikuwa na dakika nne za kazi. Kwa siku mbili nalimwona akizipunguza, na sijapata kuona mtu akitupa mali yake namna ile. Kulikuwa na kipande cha nyumba yetu ya Taita wakati wa ukungu, na mama akitoka jikoni. Nalikipenda mno, nikamsihi akiache. Akasema mama hafanyi kitu pale ila kutoka mlangoni, na mlango wenyewe unamficha miguu. "Wataona kwamba nimeficha miguu, kaka." Akakiondoa. Kulikuwa na ndege aliyemchora mwaka wa kwanza kwa wiki tatu, akamwondoa. Sheria yake ilikuwa kwamba kipande kilicho dhaifu hakikai salama kando ya kilicho bora, hukivuta chini.

Huenda ukauliza kazi zenyewe ziko wapi katika nchi yetu. Ziko, ijapokuwa si nyingi kama watu wazitakao. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, wa hadithi za wanyama, vipindi 52, ulitengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Sura yake iliigwa kutoka uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1972. Tanzania wametoa Ubongo Kids tangu mwaka 2014, ambamo hesabu na sayansi hufundishwa kwa nyimbo na katuni kwa Kiswahili. Mwaka 2023 kampuni ya Disney ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi 10 za Waafrika ukiwa na jina la Kiswahili, Kizazi Moto, na mojawapo, Enkai, iliongozwa na Mkenya, Ng'endo Mukii. Hizo ndizo kazi zinazosikika. Zisizosikika ndizo zinazolisha watu wengi zaidi: matangazo ya biashara, mafunzo ya afya, michezo ya kompyuta, michoro ya nyumba ambazo hazijajengwa. Mdogo wangu alikwisha kulipwa mara moja, akiwa bado chuoni, kwa kutengeneza jino linalotembea. Lilikuwa tangazo la daktari wa meno.

Na vifaa? Hapo kuna habari njema ambayo watoto wa maskini hawana budi kuijua. Ipo programu iitwayo Blender, iliyoanzia Uholanzi, ambayo tangu mwaka 2002 ni mali ya kila mtu na hailipiwi hata senti. Filamu ya Flow, ya paka katika gharika, iliyotoka Latvia, ilitengenezwa kwa programu hiyo, na mwaka 2025 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya uhuishaji. Mdogo wangu hutumia programu hiyo hiyo katika chumba cha Umoja. Tofauti iliyobaki ni kompyuta, umeme, na miaka ya mazoezi, nayo si tofauti ndogo; sitaki kukudanganya.

Sasa nifike katika jambo lenyewe. Filamu ya vielelezo ilipopunguzwa ikafika dakika moja na sekunde 20, alinionyesha yote. Kipande cha kwanza kilikuwa cha bibi kizee anayeinua mtungi na kujitwika kichwani. Ni sekunde saba tu. Bibi anainama, anaushika mtungi, anavuta pumzi, anaushindwa mara ya kwanza. Kisha anapiga goti moja chini, anauegemeza juu ya paja, na kutoka pale anaupandisha. Ukisha kufika kichwani anasimama kimya kidogo, macho yake yakitazama mbele bila kuona, kama mtu anayesikiliza mwili wake mwenyewe. Naliyajua macho yale. Nimeyaona usoni kwa nyanya yangu mara elfu. Nikamwambia mdogo wangu, "Hiki peke yake kinatosha kukupa kazi."

Hakujibu. Akaenda kuwasha jiko, tukala, tukazungumza mambo ya nyumbani. Tulipozima taa ndipo aliposema, "Kaka, yule bibi si wangu."

Filamu ile ilikuwa ya kikundi cha wanafunzi watano. Yeye alikuwa amefanya mtungi, mwanga, na kuku wawili walio nyuma. Mwendo wa bibi ulifanywa na mwenzake mmoja, kijana hodari kuliko wote darasani, ambaye aliacha masomo muhula uliofuata kwa kukosa karo, akarudi kwao. Wenzake waliobaki hawakumtaja tena, si kwa ubaya, bali kwa namna watu wasivyopenda kutaja jambo lisilo na dawa. Hakuna mwajiri atakayejua. Jina la kikundi limeandikwa mwishoni, na mdogo wangu yumo katika kikundi. Akaniuliza nifikirie, kwa kuwa mimi ni mwalimu, kisha nimwambie la kufanya.

Msomaji, nimesimama mbele ya madarasa miaka mingi nikikemea wanafunzi wanaonakili kazi za wenzao. Nimechana karatasi. Nimewaita wazazi. Lakini usiku ule nalilala macho wazi nikihesabu: miezi 19 ya mkopo imebaki, ng'ombe hawapo, baba huniuliza kila Jumapili, "Yule mchoraji amemaliza?" Nikajiambia kwamba kikundi ni kikundi, na kwamba hata kuku ni sehemu ya filamu. Alfajiri nikamwambia, "Kiache. Wewe ulikuwamo."

Alinitazama, nami nikageuka kutafuta viatu vyangu.

Alipotoka kununua maziwa nalikaa peke yangu na kompyuta ile ikivuma. Aliporudi alisema, kwa upole wa mtu anayemjibu mkubwa wake asitake kumvunjia heshima, "Nimefikiri, kaka. Wakiniajiri kwa sababu ya yule bibi, siku ya kwanza wataniambia nitengeneze wa pili. Nami siwezi. Bado." Kisha akanieleza jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo. Mwenzake yule, akija siku moja kutafuta kazi kwa kipande kile, atakwenda kwa watu wale wale. Kampuni si nyingi. Watakuwa wamekwisha kukiona kikiwa na jina la mtu mwingine. Yeye ndiye atakayeonekana mwizi.

Akampigia simu. Ikajulikana kwamba kijana yule hakuwa hata na nakala ya kazi yake. Simu yake ya zamani ilikuwa imeharibika. Akampelekea kipande kile asubuhi ile ile, pamoja na maandishi ya kueleza ni nani aliyefanya nini katika kikundi, ambayo wote wanne waliobaki walikubali kuyatia majina yao.

Kwa hiyo filamu ya vielelezo ikabaki bila kichwa. Ili kujaza mahali pale mdogo wangu alikwenda soko la Marikiti alfajiri tatu mfululizo kutazama wavuta mkokoteni. Nalimfuata siku ya kwanza. Alimwomba mtu mmoja ruhusa ya kumpiga picha kwa simu akipanda mteremko na magunia ya viazi. Yule mtu akacheka, akadai chai, akapewa. Mimi naliona mkokoteni unapanda, basi. Yeye aliona kwamba mvutaji hasukumi kwa mikono, bali huuning'iniza mwili wake mbele kama anayetaka kuanguka, na miguu humwahi asianguke. Kwamba kisigino hakigusi chini. Kwamba baada ya hatua sita au saba husimama, na mkokoteni hautaki kusimama pamoja naye, hurudi nyuma kidogo kwanza, naye huujua na kuungojea. Alinirudia neno hilo mara nyingi: "Anaungojea, kaka. Umeona?"

Likizo yangu iliisha nikarudi shuleni. Kipande kile kilimchukua siku tisa, na ni sekunde sita. Nimekitazama. Si kizuri kama cha bibi na mtungi; magunia yanatikisika kama mito ya kulalia, na uso wa mtu yule hauna habari. Lakini ile kurudi nyuma kwa mkokoteni imo, na kule kungojea kumo.

Kuna jambo moja alilokuwa akiliogopa kuliko umeme na kuliko kukataliwa. Tangu mwaka 2022 zimeenea programu za akili unde ambazo hutengeneza picha, na sasa hata picha zinazotembea, kutokana na maneno machache tu. Aliniuliza kama siku atakapoijua kazi yake sawasawa kazi yenyewe itakuwapo. Sikuwa na jibu, na katika hili sikutaka kumpa la mlangoni pa chumba cha walimu. Nalimwambia tu kwamba nimesahihisha insha zilizoandikwa na mashine. Hazina kosa la sarufi, na ukimwuliza mwanafunzi kwa nini neno fulani limewekwa mahali fulani hana la kusema. Yeye anajua kwa nini mkokoteni unarudi nyuma. Kama ujuzi huo utalipwa miaka 10 ijayo, Mungu ndiye ajuaye.

Alipeleka filamu yake kwa makampuni 17. Manne yalimkataa kwa barua za adabu, na 12 hayakujibu. Moja likamwita. Hawakuuliza cheti. Walimkalisha mbele ya kompyuta wakampa saa mbili atengeneze mtu anayeinua sanduku zito kutoka sakafuni, nao wakaenda kula. Alimfanya mtu ashindwe mara ya kwanza. Alikiri kwangu kwamba hilo alilichukua kwa mwenzake, na kwamba aliwaambia hivyo walipolisifu. Wakampa miezi mitatu ya kujaribiwa, kwa ujira ulio chini ya nusu ya mshahara wangu, katika kazi ya masomo ya watoto wadogo. Baba alipopata habari aliuliza kama wanamlipa kwa mwezi au kwa picha, na alipoambiwa kwa mwezi, akanyamaza, akaagiza chai.

Krismasi alikuja nyumbani. Jioni moja tulikaa barazani, ukungu ukipanda kutoka bondeni, nikamtajia daftari lile la chuoni. Nalitaka kumwomba radhi. Nalikuwa nimeyapanga maneno. Akanikatiza.

"Lile la mtu anayeruka kijito? Nalikumbuka. Alikuwa akitua vibaya."

"Nilikufutisha kurasa 60," nikasema.

"Hata kama. Magoti hayakukunjika. Mtu akiruka namna ile akatua wima, atavunjika." Akainuka, akasogea ukingoni mwa baraza, akaniambia niyatazame magoti yake tu, nisitazame kitu kingine, kisha akaruka.